Mpanda Ngazi Hushuka, Lakini Hushuka Polepole



Katika kutembelea matawi yetu hapa Kampala, tumekutana na wenzetu wanaosimama kwenye mashine kwa nguvu ya vidonge. Wengine wana baridi yabisi, ugonjwa unaovimbisha viungo vya mikono na magoti. Wengine wana pumu kali. Haya si maradhi ya wiki moja. Mtu huishi nayo miaka. Dawa waliyopewa na daktari, au waliyojinunulia wenyewe dukani, ni prednisoloni, ambayo ni moja ya dawa ziitwazo steroidi. Leo twataka kuzungumza juu ya kuiacha dawa hiyo, kwa maana hapo ndipo hatari ilipo.

Dawa yenyewe si adui. Mwaka 1948 huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kortisoni mgonjwa wa baridi yabisi ambaye alikuwa hajiwezi. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Lakini haikuchukua muda madaktari wakaona upande wa pili. Dawa ikikatizwa, maumivu yalirudi. Ikitumiwa sana na kwa muda mrefu, uso huvimba, mifupa hudhoofika, sukari hupanda, na mwili hushindwa kujikinga na maradhi kama kifua kikuu. Mtaani mtu huambiwa amenenepa na kupendeza, kumbe ni dawa.

Sasa tueleze kwa nini haiachwi ghafla. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizi hutengeneza kortisoli, yaani steroidi ya mwili wenyewe, inayomwezesha mtu kustahimili homa, jeraha na uchovu. Kiasi chake kwa siku ni karibu sawa na prednisoloni ya miligramu 5. Mtu akinywa kiasi kinachozidi hicho kwa zaidi ya wiki tatu au nne, tezi huona kazi yao inafanywa na mwingine, nazo hulala. Mafundi wetu wanajua: mtambo uliozimwa muda mrefu huuwashi asubuhi moja na kuubebesha mzigo wote.

Kwa hiyo daktari hupunguza dawa ngazi kwa ngazi. Huko juu, hatua zinaweza kuwa kubwa. Mgonjwa akikaribia miligramu 5, hatua huwa ndogo, na safari huweza kuchukua miezi. Wengi hudhani kidonge cha mwisho ndicho rahisi kuacha. Sivyo. Hapo ndipo mwili unaambiwa ujitegemee.

Anayekatiza ghafla huweza kupatwa na unyonge mkubwa, kizunguzungu akisimama, kutapika, maumivu ya tumbo na presha kushuka. Hapa kwetu kila mtu atasema ni malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini daktari aambiwe juu ya prednisoloni. Jambo hili likiachwa bila matibabu huweza kuua. Hali kadhalika, mwenye kutumia dawa hii akiumia kazini, akipasuliwa au akishikwa na homa kali, huenda akahitaji kuongezewa dawa kwa siku hizo. Akitapika vidonge, aende hospitali bila kungoja kesho. Twashauri kila mmoja aandike jina la dawa na kiasi chake kwenye karatasi, aiweke pamoja na kadi ya chama.

Kwa wenye baridi yabisi, prednisoloni ni daraja tu. Daktari huweza kutoa dawa nyingine, kama methotreksati, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi. Hiyo hunywewa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku ni hatari kubwa.

Kwa nini basi wafanyakazi hukatiza? Tumewauliza. Mmoja alisema fedha ziliisha katikati ya mwezi. Mwingine, fundi wa kiwanda tusichokitaja, alinyimwa ruhusa ya kwenda kliniki mara mbili, na vidonge vikaisha akingoja ya tatu. Wa tatu aliuficha ugonjwa asije akaachishwa kazi. Hakuna hata mmoja aliyekatiza kwa ujinga.

Ndiyo maana hili ni jambo la chama, si la hospitali peke yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza asipoweza kazi. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kuuvunja mkataba. Ndugu zetu, pigeni hesabu: tezi huweza kuhitaji miezi mingi, sheria inangoja miwili.

Pengo hilo litazibwa na mapatano ya pamoja. Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, siku ya kliniki iwe na malipo, kwa kuonyesha kadi ya hospitali. Pili, mfanyakazi anayepunguziwa dawa apewe kazi nyepesi kwa muda atakaouandika daktari. Tatu, ugonjwa wa mfanyakazi uwe siri, usitangazwe na msimamizi.

Mwenye vidonge hivi nyumbani asiache leo kwa sababu ya makala haya, wala asijiongezee. Aende kwa daktari, hata kama alivinunua dukani, aeleze amevitumia tangu lini. Akinyimwa ruhusa ya kwenda, amwone katibu wa tawi siku hiyo hiyo. Na makatibu, leteni mapendekezo haya kwenye mkutano wa tawi kabla hatujakaa tena mezani na waajiri.