Maharagwe ya Kuuza na Maharagwe ya Kula

Asubuhi na mapema katika mashamba ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, wachumaji huingia kazini kabla jua halijawa kali, wakachuma maharagwe membamba ya kijani ambayo watu wengi sokoni huyaita mishiri. Zao hili halingoji mtu. Tangu kupandwa hadi kuchumwa mara ya kwanza hupita kiasi cha majuma 6 au 7, na likiisha kuanza kuzaa hapana budi kuchumwa mara mbili au tatu kila juma, maana ganda likiachwa hunenepa na kuwa na nyuzi. Maharagwe yaliyochumwa hupelekwa penye kibanda cha kupokelea, na huko huchambuliwa kwa uangalifu. Yaliyonyooka na yenye unene upasao hutiwa katika kreti, yakasafirishwa mpaka Uingereza, Ufaransa na Uholanzi. Yaliyopinda, yaliyonenepa na yaliyovunjika huwekwa kando.

Hayo yaliyowekwa kando yana kosa la umbo tu. Ladha yake na faida yake mwilini ni zile zile za wenzake waliokwenda Ulaya. Hata hivyo, jioni ikifika mengi hutupiwa ng'ombe au huachwa yakaoza, huku mwenye shamba akimtuma mtoto dukani kununua mboga ya usiku. Wako wakulima waliolilima zao hili misimu mingi, wakalipa karo kwa fedha yake, wala hawajapata kuliweka mezani kwao. Wakiulizwa sababu, hujibu kwamba hicho ni chakula cha Wazungu.

Ikiwa ndivyo, basi yafaa kutazama jinsi wageni wenyewe wanavyokipika. Katika nchi ya Marekani kiko chakula kimoja cha maharagwe haya kinachojulikana karibu katika kila nyumba, nacho huitwa kwa jina la bakuli ambamo huokewa. Kilitungwa mwaka 1955 katika jiko la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell, katika mji wa Camden, jimbo la New Jersey. Aliyekitunga pamoja na wasaidizi wake ni Bibi Dorcas Reilly, aliyezaliwa mwaka 1926, akasomea elimu ya mambo ya nyumbani, na kuhitimu mwaka 1947. Kazi yake ilikuwa kubuni mapishi ambayo mama wa nyumbani angeweza kuyafuata bila taabu.

Shirika la habari la Associated Press lilitaka pishi la kuwaeleza wasomaji wa magazeti. Bibi Reilly hakuanza kwa kuuliza ni kitu gani cha ajabu kiwezacho kununuliwa. Aliuliza ni vitu gani ambavyo havikosekani kabatini mwa Mmarekani wa kawaida. Majibu yalikuwa mawili: maharagwe ya kijani, na supu nzito ya uyoga ya kopo, ambayo kampuni yake ilikuwa ikiiuza tangu mwaka 1934. Akaongeza maziwa, pilipili manga, sosi ya soya kidogo, na juu yake vitunguu vilivyokaangwa vikakauka hata vikawa vinavunjika menoni. Vitu vilikuwa sita tu, na kazi ya kuvitayarisha ilikuwa ya dakika chache.

Pishi hilo likaenea. Siku hizi huliwa zaidi katika Sikukuu ya Kutoa Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, pamoja na nyama ya bata mzinga. Mwaka 2002 kadi yenye maandishi ya kwanza ya pishi hilo ilitolewa ihifadhiwe katika jumba la kitaifa la kuwaheshimu wavumbuzi. Bibi Reilly alifariki mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 92. Hakutumia kitu chochote cha tunu. Alitumia kilichokuwapo nyumbani, akakipanga vema.

Mkulima wa Mwea au wa Murang'a hana supu ya kopo kabatini, wala haihitaji. Analo ganda bichi lililochumwa siku ile ile, ana maziwa ya ng'ombe wake, ana vitunguu, na unga wa ngano hauko mbali. Kwa watu sita, vitu vitakiwavyo ni hivi: maharagwe nusu kilo, maziwa vikombe 2, siagi au mafuta vijiko 4 vya mezani, unga wa ngano vijiko 4 kwa rojo na vingine 4 kwa vitunguu, vitunguu maji vikubwa 3, uyoga uliokatwakatwa kikombe kimoja, chumvi na pilipili manga.

Kwanza, maharagwe yaoshwe, yakatwe ncha, kisha yakatwe vipande vya urefu wa kidole gumba. Yachemshwe katika maji yenye chumvi kwa dakika 10 kamili, yakachujwe vizuri. Pili, kitunguu kimoja kikatwe vidogo, kikaangwe kwa siagi pamoja na uyoga mpaka maji ya uyoga yakauke. Unga utiwe na kukorogwa dakika moja, kisha maziwa yamiminwe kidogo kidogo, mkono usiache kukoroga, hata rojo iwe nzito na laini bila madonge. Itiwe chumvi na pilipili manga, ichanganywe na maharagwe, yote yatiwe katika bakuli la kuokea.

Tatu, vitunguu viwili vilivyosalia vikatwe duara nyembamba, vitiwe chumvi kidogo, vigaragazwe katika unga mkavu, na kukaangwa katika mafuta mengi yenye moto mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Viwekwe juu ya karatasi vichuje mafuta.

Bakuli liokwe katika oveni yenye moto wa nyuzi 180 kwa dakika 25. Ndipo vitunguu vitandazwe juu, likaokwe tena dakika 5 tu. Vikitiwa mapema hunywa mvuke wa maziwa na kulegea, na uzuri wa chakula hiki ni kule kulaini kwa chini na kuvunjika kwa juu.

Asiye na oveni asikate tamaa. Mtindo wa wapishi wa pwani, wa kuoka mikate kwa moto wa chini na wa juu, wafaa hapa pia. Chakula kitiwe katika sufuria nzito, iwekwe juu ya makaa machache, ifunikwe, na makaa mengine ya moto yawekwe juu ya kifuniko. Vitunguu vitiwe mwishoni, na kifuniko kisirudishwe.

Mambo matatu yaangaliwe sana. La kwanza, maharagwe haya yasiliwe mabichi, maana yana sumu ambayo huharibiwa kwa kuchemshwa. La pili, uyoga uwe ule wa dukani au ule unaojulikana kwa hakika. Mwenye shaka auache, aongeze kitunguu. La tatu, na lililo kubwa zaidi, ni dawa ya wadudu. Kibandiko cha kila dawa hueleza siku zipasazo kupita tangu kunyunyiza hadi kuchuma. Siku hizo zikiwa hazijatimia, ganda lisiuzwe, lisiliwe, wala ng'ombe asipewe. Mkulima awekaye daftari la siku za kunyunyiza hulinda afya ya mnunuzi wa mbali na ya mtoto wake mwenyewe kwa kalamu ile ile.

Kuuza zao nje ni jambo jema, na hapana amwambiaye mkulima aache fedha. Lakini soko la ng'ambo lina siku zake: leo linanunua kreti zote, kesho linakataa nusu. Mkulima ajuaye kuuza tu, likikataliwa zao lake hubaki na hasara yote mikononi. Ajuaye na kulipika hurudi nyumbani na chakula cha jioni. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kreti zitasafiri, bakuli lililo jikoni litabaki, na inafaa liwe na kitu ndani yake.