Vyura Mia Katika Tangi Moja

Mwaka 2000, bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko ya Kihansi, juu ya bonde letu la Kilombero, vyura 499 wa huko walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka porini; wazao wa waliofugwa walianza kurejeshwa Kihansi mwaka 2012.

Ufugaji wa namna hiyo una funzo kwa utabibu. Vyura mia wa tangi moja hushiriki maji, chakula na maradhi. Maji yakichafuka, wote hudhurika. Tukijaribu lishe mpya humo, hatupati ushahidi wa viumbe mia wanaojitegemea, bali wa tangi moja. Yafaa kuwagawa kwa kura katika matangi mengi, kisha kuhesabu matangi. Tusipofanya hivyo, kisichofaa kinaweza kuonekana kinafaa.

Hata hapa Katindiuka, watu sita wa nyumba moja huumwa na mbu walewale. Basi ukisomewa asilimia ya waliokingwa na malaria, uwe mhudumu wa afya au mgonjwa, usiulize idadi ya watu tu; uliza pia wametoka katika kaya ngapi.