Mapenzi na Historia Katika Riwaya: Shauri kwa Wasomaji

Imekuwa desturi ya walimu na wakutubi kuziweka riwaya za mapenzi katika rafu moja, na zile zinazohusu mambo ya kale katika rafu nyingine. Msomaji huambiwa achague kwa kadiri ya tabia yake: mwenye moyo laini aende huku, mwenye kutaka maarifa aende kule. Huenda mgawanyo huo una manufaa katika lugha nyingine. Ukitiwa katika riwaya za Kiswahili hutenganisha vitu ambavyo lugha yenyewe imevifunga pamoja, na aghalabu humnyima msomaji vitabu vilivyo bora kupita vyote.

Ushahidi ulio karibu ni neno moja la kila siku, yaani bwana. Bwana ni mume. Bwana ni mwenye kumiliki mtumwa. Bwana ni mkubwa wa kazi, na katika sala za Wakristo ni Mwenyezi Mungu. Mwanamke wa Unguja wa karne ya kumi na tisa aliposema «bwana wangu», aliyemsikia hakuweza kujua kwa maneno hayo peke yake kama amemtaja mumewe au mmiliki wake. Kwa suria neno lilikuwa na maana zote mbili kwa mara moja, kwa kuwa suria alikuwa mjakazi aliyelala na bwana wake kwa haki ya umiliki, na watoto aliomzalia walihesabiwa waungwana. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Hao hawakuingizwa katika sheria mpaka mwaka 1909. Basi mwandishi anayetunga habari za mapenzi ya pwani ya zamani hawezi kulikwepa jambo hili hata akitaka. Akiandika bwana amekwisha kuandika historia.

Kutokana na hayo chapatikana kipimo cha kuchagulia vitabu, nacho ni namna watu wanavyoitana. Mtungaji aweza kuupata mwaka sawasawa, na jina la gavana, na rangi ya bendera. Lakini akimwacha kijana wa shambani azungumze na binti wa mwenye shamba kama makarani wawili wa leo, riwaya yake imeanguka, na tarehe zote hazitaiinua.

Kwa kipimo hicho, inayostahili kutangulia ni Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Mambo yake ni ya Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa Bwana Raza, mtu mzima asiyelingana naye kwa umri hata kidogo. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, naye anapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma, mwanamke asiye na mali wala ukoo wa kujivunia. Ndipo anapokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na ambaye makachero wa serikali hawamwachi hata akalala. Watu wengi husoma kitabu hiki wakingojea mapenzi ya Yasmin na Denge, na ni halali yao. Lakini aangaliaye maneno ataona kuwa safari kubwa ya Yasmin ni kutoka katika nyumba yenye bwana kwenda katika nyumba yenye shoga. Shoga, katika usemi wa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike wa mwanamke, na ndani yake mna usawa ambao bwana haina. (Neno hilo leo, katika miji mingi, limebebeshwa maana nyingine ya kudhalilisha, na mwalimu asipolieleza mapema darasa zima litacheka pasipo na kichekesho.) Jina la kitabu nalo lina somo lake. N'kuvute ni nikuvute iliyomezwa irabu kama isemwavyo mdomoni: wewe vuta, nami nikuvute. Kamba ni moja, na haijulikani kama wanaovutana ni wapenzi au ni raia na serikali.

Riwaya hii imesomwa kwa miaka mingi katika vidato vya juu vya Tanzania, na hapo ndipo hasara ya mgawanyo uliotajwa inapoonekana. Mwanafunzi hufundishwa kuorodhesha dhamira: kwanza mapenzi, pili ukombozi, tatu nafasi ya mwanamke, kana kwamba ni bidhaa katika vikapu vitatu. Akijibu hivyo hupata alama. Hajaulizwa kwa nini msichana aliyeikataa ndoa aliyochaguliwa ndiye huyo huyo anayeweza kumficha mtu anayeukataa utawala aliochaguliwa.

Kitabu cha pili ni cha bara, na kinahitaji subira. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mwaka 1945, kwa lugha ya Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Hakupata mchapaji. Mwishowe aliifasiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Mambo yake ni ya kisiwani kabla ya kuja kwa wakoloni. Mume na mke hawana mtoto. Ndugu za mume wanamsimanga mke. Wazazi wake wanamchukua. Mume anakwenda ukweni kumwomba arudi, na anatozwa pombe ya ndizi. Kurasa nyingi ni za kuitengeneza pombe hiyo: ndizi, mitumba, majirani wa kusaidia, wasiwasi wa mtu asiye na mke wa kumpikia. Msomaji aliyezoea riwaya za mjini atadhani mwandishi amepotea njia. Hakupotea. Katika jamii ambayo mume hatamki mapenzi yake mbele ya wakwe, kazi ile ndiyo matamko yake. Tena msomaji alitazame jina: bwana na bibi wamesimama pamoja, kila mmoja na heshima yake, na bwana wa hapa ni yule anayeinama. Gabriel Ruhumbika alikifasiri kitabu kizima kwa Kiingereza mwaka 2002, jambo la kushukuriwa, ingawa Mswahili hana udhuru wa kukisoma huko.

Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), ya Adam Shafi pia, haina mapenzi matamu, na kwa sababu hiyo yafaa isomwe baada ya hizo mbili. Mwinyi ni mwenye, kwa matamshi ya kale ya pwani, lililogeuka kuwa cheo cha mtu; Kijakazi ni jina la hali ya utumwa lililogeuka kuwa jina la mtu. Mapinduzi ya mwaka 1964 yanapofika, Kijakazi angali na moyo wa kumtumikia Fuad, na mwandishi anamwonyesha msomaji utii uliovaa nguo za mapenzi. Kuli (1979) ni ya wachukuzi wa bandarini na mgomo wa mwaka 1948. Ni nzuri, lakini anayetafuta mapenzi hatashiba. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela (1934) isomwe kwa hadhari: habari zake za waliokombolewa na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa zina thamani kubwa, ila sifa zake kwa Waingereza zimepita kiasi.

Miongoni mwa tafsiri, Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022, inakithibitisha kipimo cha kuitana kuliko nyingine zote. Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye amezoea kumdhania kuwa ni jamaa. Huko aendako anafundishwa kuwa huyo si jamaa yake, amwite Seyyid, kwa maana yeye ni rehani ya deni la baba yake. Mapenzi yake kwa Amina yanaota ndani ya nyumba hiyo ya deni. Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba na kwa ami. Kiswahili hakina budi kuchagua upande wa mama au wa baba, na hivyo hata uongo wa udugu lazima upewe ukoo.

Asiye na muda wa vitabu virefu aanze na Kurwa na Doto ya Muhammed Saleh Farsy, ya mwaka 1960. Haikutungwa iwe ya historia; mwandishi alikusudia kueleza maisha ya kijiji cha Unguja ya siku zake, kwa njia ya mapacha wawili wa kike. Kijiji kile hakipo tena kama alivyokieleza, na maamkizi yake yamebaki humo.