Waranti Imeisha, Haki Yako Haijaisha



Mwezi wa pili jamaa yangu mmoja alinipigia simu saa tano usiku. Anafanya kazi kwenye bohari la makontena kule Port Botany, shifti inaanza saa kumi alfajiri. Treni ya abiria haifiki bandarini, na basi la saa hizo ni la kubahatisha, kwa hiyo bila gari hana kazi. Gari lenyewe lina miaka sita. Alilinunua kwenye yadi kwa dola 17,500, likiwa limetembea kilomita 74,000. Miezi mitano tu, giaboksi ikaanza kutetemeka, na siku hiyo ikagoma kabisa kuingia gia katikati ya Foreshore Road, malori yanampigia honi nyuma.

Yadi wakamjibu kwa kifupi: "Waranti ya kiwanda imeisha, na ile ya miezi mitatu nayo imeisha. Giaboksi ni dola 5,800."

Hakunipigia kuuliza sheria. Alitaka nimsaidie hesabu: akitoa hela aliyoweka ya kuezeka nyumba ya mama yake Tanga, atairudisha lini kabla ya masika? Nikamwambia kitu kimoja tu: usilipe bado, nitumie karatasi zote.

Mimi ni mhasibu, si wakili. Lakini kila mwaka naona watu wetu wakitoa maelfu ya dola kulipia ubovu ambao kisheria si mzigo wao, na hela hiyo inatoka kwenye ada za shule na mabati ya nyumbani. Kwa hiyo leo tuongee magari.

Kuna waranti, na kuna sheria

Hapa ndipo wengi tunapoachwa. Ukinunua gari kwa muuzaji mwenye leseni hapa Sydney, unaweza kuwa na ulinzi wa aina nne, na kila mmoja una saa yake.

Wa kwanza ni waranti ya mtengenezaji. Hii ni ahadi ya kampuni, ina miaka au kilomita zake, ikiisha imeisha.

Wa pili ni dhamana ya muuzaji, inayotokana na sheria ya jimbo la New South Wales. Kwa gari la kawaida lililotumika, lenye umri chini ya miaka 10 na kilomita chini ya 160,000 siku unayonunua, ni miezi 3 au kilomita 5,000, kinachotangulia.

Wa tatu ni waranti ya kuongeza, ile unayouziwa pale mezani wakati unasaini mkopo. Soma vizuri kabla ya kuilipia, maana mara nyingi unauziwa kitu ambacho sheria imeshakupa bure.

Wa nne ndio wengi hawaambiwi: sheria ya mlaji ya Australia, inayofanya kazi tangu tarehe 1 Januari 2011. Inasema bidhaa lazima iwe na ubora unaokubalika, ifanane na ilivyoelezwa, na ifae kwa kazi yake. Haikuandika "miezi mitatu" wala "miaka mitano". Inauliza swali moja: mtu mwenye akili timamu, akinunua gari la bei hii, umri huu na kilomita hizi, angetegemea lidumu kiasi gani? Hakuna karatasi ya yadi inayoweza kuifuta haki hii, hata kama umeisaini.

Sasa jiulize: giaboksi ya gari la dola 17,500 lenye kilomita 74,000, kufa ndani ya miezi mitano, ni kawaida? Hilo ndilo swali la kumpelekea muuzaji. Waranti kuisha hakulijibu.

Unaweza kudai nini

Ubovu ukiwa mdogo, muuzaji ana nafasi ya kutengeneza bure, ndani ya muda unaofaa. Ubovu ukiwa mkubwa, wewe ndiye unayechagua: urudishiwe hela, upewe gari lingine, au ubaki nalo ulipwe tofauti ya thamani. Mkubwa maana yake ni ule ambao ungeujua mapema usingelinunua gari, au unaolifanya gari liwe la hatari, au lisifae kwa kazi yake bila kutengenezeka kirahisi. Hata kasoro ndogo kadhaa zikirundikana zinaweza kuhesabika kuwa ubovu mkubwa.

Anayekuuzia ndiye wa kumkabili kwanza. Asikwambie "nenda kiwandani". Mtengenezaji naye unaweza kumdai fidia, lakini muuzaji hawezi kujificha nyuma yake.

Na hili nalirudia kwa wale wanaoogopa kulalamika: haki hizi hazitegemei viza. Kudai giaboksi hakugusi makaratasi yako ya uhamiaji.

Ambako sheria haikufiki

Tusidanganyane. Ukinunua kwa mtu binafsi, wa mtandaoni au wa mtaani, dhamana ya ubora haipo. Mnada pia, kwa kawaida, haipo. Kwa hiyo huko lipia fundi akague kabla hujatoa hela, na tafuta gari hilo kwenye daftari la taifa la PPSR kwa dola 2, uone kama lina mkopo wa mtu. Gari la bei ya zaidi ya dola 100,000 nalo linaweza kuwa nje, isipokuwa kama ni la aina ya matumizi ya kawaida ya binafsi au la kubebea mizigo. Na ukiliharibu mwenyewe, au ukakaa bila kubadilisha oili, usitegemee kitu.

Makampuni makubwa yameshabanwa

Kuna anayefikiri hii ni sheria ya kwenye karatasi tu. Tazama.

Mwaka 2018 Mahakama ya Shirikisho iliamuru Ford Australia ilipe faini ya dola milioni 10. Shida ilikuwa giaboksi iitwayo PowerShift kwenye Fiesta, Focus na EcoSport. Karibu nusu ya magari 70,000 yaliyouzwa na giaboksi hiyo yalifanyiwa matengenezo yake angalau mara moja. Wateja walikuwa wakiambiwa mtetemeko unatokana na wanavyoendesha, na hata waliorudi gereji mara nyingi walinyimwa kurudishiwa hela.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya Mazda Australia, dola milioni 11.5, kwa kuwapotosha wateja kuhusu haki zao za kurudishiwa hela au kubadilishiwa gari. Gari mojawapo lilikuwa limebadilishwa injini mara tatu.

Na wale wa saiti wenye pikapu, au ute kama wanavyoiita huku, hii inawahusu zaidi. Toyota Hilux, Prado na Fortuner za dizeli, zaidi ya 264,000, zilizouzwa Australia kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, zilikuwa na kasoro kwenye mfumo wa chujio la moshi. Ukiendesha mara kwa mara kasi ya barabara kuu, chujio linashindwa kujisafisha: moshi mweupe, harufu mbaya, mafuta yanaisha haraka. Wenye magari waliungana wakafungua kesi moja. Mwaka 2022 jaji alikadiria thamani ya magari ilipungua kwa asilimia 17.5, mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikashusha hadi asilimia 10, na Novemba 2024 Mahakama Kuu ikarudisha suala la kiasi likahesabiwe upya. Kesi kama hizi zinachukua miaka. Lakini Hilux tunayoiamini kuliko mkwe, kumbe nayo inaweza kutoka kiwandani na kasoro, na mwenye gari ana la kusema.

Halafu kuna ubovu wa kuua. Eabegi za Takata, ambazo zikilipuka zinaweza kurusha vipande vya chuma, zilikuwa kwenye takriban gari 2 kati ya kila 7 nchini humu. Julai 2017 mtu mmoja alifariki hapa hapa Sydney, eneo la Cabramatta, na mwaka uliofuata serikali ikalazimisha magari hayo yote yarudishwe. Kubadilishiwa ilikuwa bure. Ukitaka kujua kama gari lako limeitwa na kiwanda kwa jambo lolote, angalia tovuti ya serikali, vehiclerecalls.gov.au.

Hatua za kufuata, kwa mpangilio

Kwanza, acha kuliendesha kama ubovu ni mkubwa. Ukiendelea nalo wiki sita, muuzaji atasema umelimalizia wewe. Andika tarehe, kilomita na lilichofanya. Piga video, mlio usikike.

Pili, pata ripoti ya maandishi ya fundi mwenye leseni asiye wa yadi hiyo. Aandike ubovu ni nini, na kwa maoni yake ulianza lini au kwa sababu gani. Itakugharimu, lakini ndiyo silaha yako.

Tatu, mwandikie muuzaji barua pepe. Simu haina kumbukumbu. Taja gari, tarehe ya kununua, ubovu, ambatisha ripoti, sema unachotaka, na mpe muda, tuseme siku 14. Lugha iwe ya adabu, bila matusi wala vitisho.

Nne, akikataa au akikaa kimya, peleka malalamiko Fair Trading ya New South Wales, simu 13 32 20. Ni bure, na watajaribu kuwasuluhisha.

Tano, ikishindikana, nenda NCAT, baraza la jimbo linalosikiliza mashauri kama haya, madai ya hadi dola 100,000. Huhitaji wakili. Usikawie, kwa kawaida una miaka 3 tangu tatizo litokee.

Kiingereza kisikurudishe nyuma. Piga 131 450, omba mkalimani wa Kiswahili akuunganishe na ofisi unayoitaka. NCAT nao wanakupa mkalimani bure.

Jambo moja la kihasibu: usiache kulipa mkopo wa gari kwa hasira. Muuzaji ndiye mwenye kosa, lakini anayekuharibia rekodi ya mkopo ni benki.

Risiti ni hela

Watu wanaogopa kwamba wasipofanya sevisi kwa wakala wa kampuni, waranti inafutwa. Si kweli. Fundi yeyote mwenye sifa anaweza kuifanya, mradi afuate maelekezo ya mtengenezaji na atumie vipuri vinavyofaa. Tangu Julai 2022 makampuni yanalazimika hata kuwauzia mafundi huru taarifa za kiufundi za magari yao.

Shida ni yule fundi wetu wa Jumamosi, tunayemlipa keshi nyuma ya nyumba. Anaweza kuwa hodari sana, lakini bila risiti huna sevisi. Unaokoa dola 80 leo, kesho unashindwa kuthibitisha kwamba ulilitunza gari. Mwambie aandike: tarehe, kilomita, kazi, oili, leseni yake. Piga picha, weka kwenye simu na ujitumie kwa barua pepe.

Na wale mnaopanga kulipakia gari kwenye kontena pale Port Botany lielekee Mombasa: mbali na sharti la Kenya la umri usiozidi miaka 8, malizeni madai yenu yote kabla kontena halijafungwa. Gari likishashuka Kilindini, nani atalikagua kwa niaba ya yadi ya Sydney?

Jamaa yangu aliishia wapi

Yadi walikataa barua ya kwanza. Baada ya ripoti ya fundi, iliyomgharimu dola 330, na simu ya Fair Trading, wakabadilisha giaboksi kwa gharama zao. Ilichukua wiki saba. Katika wiki hizo alipanda gari la mwenzake na kuchangia mafuta, na hela hiyo hakurudishiwa. Kwa hiyo hakutoka bila maumivu. Lakini weka mizani: alitumia kama dola 600 badala ya 5,800, na mabati yalifika Tanga kabla ya mvua.

Leo jioni ukitoka kazini, fungua droo ya gari. Mkataba wa mauzo, kitabu cha sevisi, risiti. Vipige picha vyote. Ni dakika kumi, na siku gari likigoma barabarani hutaanza kutafuta karatasi huku umeshapewa bei ya giaboksi.