Fahamu: Risk ya simuni na lawama za dadu

Risk, mchezo wa ubao wa kuteka maeneo kwa majeshi na dadu, ilibuniwa na mwongozaji filamu wa Ufaransa, Albert Lamorisse, ikaingia sokoni mwaka 1957. Ubao wake umeigawa dunia katika maeneo 42. Afrika ina 6 tu: Afrika Mashariki nzima ni eneo moja, na Madagaska nayo moja, jambo ambalo halijawahi kuniingia akilini.

Toleo la simu, RISK: Global Domination la SMG Studio ya Australia, linakurushia dadu, linahesabu majeshi na kukuwekea muda wa zamu. Hapo ndipo malalamiko huanza: anayeshindwa husema programu imemchezea. Hesabu inakataa. Mshambuliaji mwenye dadu 3 dhidi ya 2 hupoteza majeshi mawili kwa mpigo karibu mara 29 katika kila 100, hata mezani kwenu. Ndiyo maana SMG ikaweka chaguo la dadu zilizosawazishwa, linalopunguza matokeo ya ajabu. Kwangu linaua utamu.

Pengo kubwa kati ya simu na meza ni lingine: humwoni usoni anayekuahidi amani. Ukianza kucheza, usimshambulie mwenye majeshi mengi kuliko yako, na mpaka na rafiki usiuache mtupu.