Kwa Nini Injini ya Gari Huchemsha Maji

Si ajabu kuliona lori limeegeshwa kando ya barabara katika mlima wa Kitonga, kati ya Morogoro na Iringa, boneti ikiwa wazi na mvuke ukifoka. Dereva hulaumu jua au mzigo. Lakini injini ambayo mfumo wake wa kupozea ni mzima hupanda mlima kama huo saa saba za mchana pasipo kuchemsha maji. Mara nyingi mlima hufichua tu hitilafu iliyokuwamo tangu bondeni.

Petroli au dizeli inapoungua ndani ya silinda, joto la gesi huweza kuzidi nyuzi 2,000 za sentigredi, ilhali aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta huendesha gari. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya ile inayobaki haina budi kuondolewa na maji. Pampu huyazungusha maji kandokando ya silinda, kisha huyapitisha katika vijibomba vyembamba vya rejeta, ambako upepo huyapoza. Mlinzi wa njia hiyo ni themostati, yaani valvu yenye nta ndani yake. Joto lifikapo nyuzi 82 hadi 90 hivi, nta huyeyuka, hutanuka na kuifungua valvu.

Kifuniko cha rejeta hudhaniwa kuwa kizibo tu, kumbe ni chombo chenye kazi kubwa. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, na mjini Iringa, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Springi ya kifuniko huzuia mvuke kutoka mpaka shinikizo lizidi lile la hewa kwa karibu kilo moja kwa kila sentimeta mraba, na hapo maji huweza kukaribia nyuzi 120 bila kuchemka. Springi ikilegea au mpira wake ukichakaa, gari huchemsha maji ingawa vingine vyote ni vizima. Hicho ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko karibu vyote katika mfumo huo, na ndicho kisahaulikacho zaidi.

Kwa sababu hiyohiyo, kukifungua injini ikiwa bado ya moto ni hatari kubwa. Shinikizo likiondoka ghafla, sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja tu ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Maji yaliyobaki hurushwa usoni na kifuani mwa utingo aliyetumwa kufungua.

Fundi mwangalifu huanza kwa swali moja: je, maji hupungua? Yakipungua, hutazama mipira na vibano vyake, maungio ya rejeta, na kitundu kilicho chini ya pampu, ambacho hudondosha maji silidi ya ndani inapochakaa. Pasipo tone lolote nje, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yanayopanda mfululizo ndani ya rejeta.

Ikiwa maji hayapungui, basi joto halitolewi. Gari linalochemsha likiwa limesimama mjini na kupoa likienda mbio lina kasoro ya feni au mkanda uliolegea. Linalochemsha mlimani au katika mwendo wa kasi huwa na rejeta iliyoziba, nje kwa tope na wadudu, au ndani kwa kutu na chokaa. Maji magumu ya visima huacha utando wa chokaa ambao hata ukiwa wa milimita moja huzuia joto kupita kiasi. Mpira wa juu ukiwa baridi ilhali injini inaunguza, themostati imekwama. Kuipima ni rahisi: huning'inizwa kwa uzi katika sufuria ya maji yanayopashwa moto, nayo yapasa ifunguke kwenye joto lililoandikwa juu yake.

Wapo mafundi wanaoing'oa kabisa, wakidai kwamba nchi za joto haziihitaji. Dai hilo ni kosa. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na kuchakaza silinda. Na katika injini nyingine, themostati ikitolewa, baadhi ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, gari likazidi kuchemsha.

Geji nayo huweza kudanganya. Maji yakiisha kabisa, kipima joto hubaki hewani, na mshale huweza kushuka wakati injini inakaribia kukwama. Mshale ulioshuka ghafla baada ya kupanda ni amri ya kusimama na kuzima injini mara moja. Ipoe kwa nusu saa au zaidi, kifuniko kizungushwe taratibu kwa kitambaa kinene, kisha maji yaongezwe kidogo kidogo injini ikiunguruma polepole. Maji baridi yakimiminwa kwa pupa katika injini yenye moto huweza kuipasua silinda hedi, na gari lililohitaji mkanda mpya likahitaji kuvutwa.