Sikio, Simu na Fonimu: Nafasi ya Elimu ya Usikivu katika Ubunifu wa Vyombo vya Mawasiliano

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa milango mitano ya fahamu, sikio ndilo linalomhusu zaidi mwanaisimu, kwa kuwa lugha, kabla ya kuandikwa, ni sauti inayosikiwa. Hata hivyo, fonetiki ya Kiswahili imeshughulikia zaidi namna sauti zinavyotamkwa kuliko namna zinavyopokewa. Makala haya yanaeleza jinsi uchunguzi wa usikivu wa binadamu ulivyoongoza uundaji wa simu, kisha yanaitazama simu hiyo kwa upande wa msemaji wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba fundi wa mawasiliano hupunguza sauti kwa kutegemea kile ambacho sikio halikihitaji. Lakini kisichohitajika kwa sikio hakiwezi kujulikana bila kuzingatia fonimu na sarufi ya lugha inayosemwa.

2.0 Kipimo cha Chombo ni Msikilizaji

Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo ya kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Wepesi wake haulingani katika eneo hilo lote. Ni mkubwa zaidi baina ya hezi 2,000 na 5,000. Baada ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu mwaka 1876, ilidhihirika kwamba kupitisha eneo lote la sauti katika nyaya ni gharama kubwa. Ikalazimu kuuliza: ni sehemu gani ya sauti inayoweza kuachwa bila maneno kupotea?

Jibu lilitafutwa kwa binadamu wenyewe. Mwaka 1910, G. A. Campbell wa Marekani alitumia silabi zisizo na maana kupima simu, na njia hiyo ikaendelezwa na Harvey Fletcher na wenzake. Msomaji alitamka silabi, wasikilizaji wakaandika walichosikia, na asilimia ya silabi zilizopatikana sawasawa ikawa kipimo cha ubora wa chombo. Silabi zilinyimwa maana kwa makusudi, kwani neno lenye maana hukisiwa hata lisiposikika vizuri.

Matokeo aliyoyatoa Fletcher mwaka 1922 yanastahili kuzingatiwa. Kuondoa mitetemo yote iliyo chini ya hezi 500 kulipunguza nguvu ya sauti kwa asilimia 60, lakini usahihi wa silabi ulishuka kwa asilimia 2 tu. Kinyume chake, kuondoa iliyo juu ya hezi 1,500 kulipunguza nguvu kwa asilimia 10, ilhali usahihi ulishuka kwa asilimia 35. Kwa maneno mengine, nguvu ya sauti si ujumbe. Irabu hubeba sehemu kubwa ya nguvu, nazo konsonanti nyingi zinazotofautisha maneno ni sauti hafifu za eneo la juu. Uchunguzi wa aina hii ndio uliotoa msingi wa kuibana simu ya kawaida katika eneo la hezi 300 hadi 3,400.

Pingamizi moja linaweza kutolewa hapa. Mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume huwa aghalabu baina ya hezi 100 na 150, yaani chini ya mpaka wa simu. Mbona basi sauti yake haigeuki kuwa nyembamba? Kama J. F. Schouten alivyoonyesha mwaka 1940, msikilizaji hujenga upya kidatu kilichokosekana kutokana na mitetemo ya juu, ambayo ni vizidishio vya ule wa msingi. Hii ndiyo sababu kiimbo hakipotei katika simu. Katika Kiswahili jambo hili si dogo: tofauti baina ya taarifa “Amefika.” na swali “Amefika?” hubebwa na kiimbo peke yake.

Uwezo huo wa kujenga upya una mipaka. Katika sikio la ndani mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Chombo kinachopandikizwa humo ili kuwasaidia viziwi huzipita chembe hizo na kuuamsha mshipa wa fahamu kwa vituo vichache vya umeme, ambavyo katika baadhi ya aina ni 22. Maneno husikika, lakini kidatu hufika kikiwa dhaifu. Na tafiti kuhusu watumiaji wanaosema Kichina zimeonyesha ugumu wa kutambua toni. Chombo kinachomtosha msemaji wa lugha moja chaweza kumpunja msemaji wa nyingine.

3.0 Kiswahili katika Laini Finyu

Irabu tano za Kiswahili hupita vizuri katika hezi 300 hadi 3,400. Tatizo limo katika vikwamizi. Mkwaruzo wa /s/ una nguvu zaidi juu ya hezi 4,000, yaani nje ya mpaka wa simu. Unapokatwa, kinachobaki ni mkwaruzo hafifu unaofanana na wa /f/. Sauti /sh/, ambayo nguvu yake huanza chini zaidi, husalimika. Kwa hiyo “saba” na “shaba” hazichanganywi kwa urahisi kama jozi za mlinganuo finyu za /s/ na /f/, mathalani “sisi” na “fisi”.

Hata hivyo, wasemaji wa Kiswahili huzungumza kwa simu kila siku bila kukwama. Sababu ni sarufi. Katika “sisi tumefika” na “fisi wamefika”, konsonanti iliyopotea hurejeshwa na viambishi tu- na wa-, ambavyo hutofautiana kwa irabu na konsonanti zinazopita vizuri. Upatanisho wa kisarufi, ambao mara nyingi hutazamwa kama mzigo wa mwanafunzi wa lugha, ni uziada wenye manufaa: habari moja hutolewa mara mbili, na ya pili huokoa ya kwanza.

Msaada huo hukoma panapotajwa majina. Muuguzi anayesomewa kwa simu jina la mgonjwa, likiwa ni Saida au Faida, hana kiambishi cha kumwongoza. Majina yote mawili huchukua upatanisho uleule. Mahali ambapo kosa lina madhara makubwa ndipo sarufi isipoweza kusaidia. Kiwango cha simu za mkononi kilichopitishwa mwaka 2001, kinachopitisha hezi 50 hadi 7,000, hurejesha sehemu kubwa ya mkwaruzo wa /s/, lakini hufanya kazi pale tu ambapo simu zote mbili na mtandao vinakikubali.

4.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba simu ilibuniwa kwa kumsikiliza msikilizaji kwanza. Lakini wasikilizaji wa Campbell na Fletcher walikuwa wasemaji wa Kiingereza. Kiswahili kina silabi ambazo kwa sehemu kubwa huishia kwa irabu, kina konsonanti zinazotanguliwa na nazali kama /mb/ na /nd/, na katika lahaja za pwani kina mpumuo unaotofautisha “paa” la nyumba na “paa” mnyama. Orodha ya silabi za kupimia vyombo kwa Kiswahili haina budi kuyajumuisha hayo yote. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama: yahitaji msomaji, wasikilizaji, karatasi na mwanafonolojia wa kuipanga. Mashine za kutambua usemi nazo zimekwisha kuingia katika Kiswahili. Iwapo wanaisimu hawataeleza ni tofauti zipi zisizopaswa kupotea, uamuzi huo utafanywa na mafundi wasioijua lugha.